Dakika 11

Jana tulikaa ofisini kwa Papa Prefe, mkuu wa shule yetu, mpaka magharibi, tukitafuta wa kutuuzia kompyuta 12. Makuta (pesa) yenyewe ni ya minerivali, yaani ada ya shule, na wazazi wa Katuba mnajua wanavyoyatoa jasho.

Wa kwanza alikuja na suti na tableti zinazong'aa. Leseni ya programu? Kila mwaka, kwa dola. Nikafunga daftari.

Wa pili alileta laptopu za mitumba kutoka Ujerumani. Nikabonyeza A, ikatoka Q! Kibodi ya kwao si kama hii yetu ya Kifaransa. Hilo ni dogo, vibandiko vipo. Ila mama wa komite, ambaye hajawahi kushika kompyuta, akasema: "Chomoeni waya kwanza." Tukachomoa, tukakaa kimya tukiangalia saa ya ukutani. Dakika 11, pii, giza. Hapa Lubumbashi, umeme huu tunaoujua!

Muuzaji ameandika kwa mkono wake: betri zibadilishwe kabla hajaona faranga. Kwa masomo tutaweka Kolibri, programu ya kujifunzia: haina malipo wala haihitaji intaneti kila saa.

Mwenye kujua vibandiko vinauzwa wapi Kenya (komine, yaani mtaa, ya hapa mjini kwetu, si nchi ya Nairobi) aniambie.