Siku moja maishani mwangu: fundi miguu ya gari (sehemu zinazounganisha magurudumu na gari) wa nyumba kwa nyumba, Dar es Salaam

Saa 1:00 asubuhi. Mzigo wa leo: jeki ya tani 2, stendi nne, mtaimbo mfupi, tochi, matambara na vipande vya ubao wa unene wa sentimita 5. Ubao una kazi yake: nyua nyingi za huku ni mchanga, na jeki ikididimia upande mmoja gari linateleza.

Saa 2:00, Tabata. Toyota IST, inagonga mbele ikipita kwenye rasta (matuta madogo ya barabarani).
“Shokapu zimekufa hizo, fundi.”
“Ngoja kwanza dada, tuone.”

Kiganja kinapita juu ya tairi. Likiwa na mabonde na vilima kulizunguka, shokapu imeshindwa kulituliza; likiwa limelika ukingo wa ndani tu, shuku alaimenti (mpangilio wa magurudumu) au bushi (mipira ya maungio) za mkono wa chini, ule unaoshika gurudumu kwenye gari. Kisha kona ya gari inabonyezwa mara tatu na kuachiwa. Inatakiwa ipande, irudi, itulie. Kipimo hiki hukamata shokapu iliyokufa kabisa. Iliyochoka nusu hukipita bila shida, kwa hiyo tazama mafuta. Unyevu kidogo karibu na sili si hoja. Mafuta yaliyotiririka na kushika tope, hiyo ni ya kubadilishwa, tena zote mbili za mbele pamoja.

Saa 2:40. Magurudumu yote bado yako chini, na hapa ndipo linki za stabilaiza (vijiti vinavyoshika fito ya kuzuia gari lisilale upande) zinapokaguliwa. Kata usukani mpaka mwisho, ingiza mkono nyuma ya tairi, shika linki na uitikise kwa nguvu. Wengi hunyanyua upande mmoja kwanza. Stabilaiza inajipinda, inaibana linki, na mchezo wote (kulegea kwake) unajificha. Linki ya kushoto ya IST hii inasikika vidoleni: tik, tik, na buti lake (mpira wa kuzuia vumbi) limechanika. Linki iliyolika hugonga harakaharaka kwenye mashimo madogo kwa mwendo mdogo, ndiyo maana shokapu nzima hubebeshwa lawama.

Saa 3:15. Weka vizuizi nyuma ya magurudumu ya nyuma, vuta hendibreki, legeza nati za tairi kidogo, ndipo unyanyue. Mbele yote ikae juu ya stendi, kwenye chesesi (fremu ya gari). Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja.

Tikisa tairi juu na chini. Likicheza, mtu akanyage breki: mchezo ukiisha, ni beringi ya gurudumu, ukibaki, ni boljointi (kiungo cha duara kati ya mkono na gurudumu). Tikisa kulia na kushoto huku kidole kikiwa kwenye tairodi endi (kiungo cha nje cha usukani). Kama hiyo imetulia lakini tairi bado linacheza, minya mpira wa raki (mtambo wa usukani) na uisikilize raki endi, kiungo cha ndani, humo ndani yake. Mwisho ni mtaimbo kati ya mkono wa chini na chesesi. Bushi kunyumbuka ni kazi yake. Nyufa ndogo juu juu zinavumilika. Mpira ulioachana na chuma haufai tena.

Saa 6:00 mchana. Linki mpya, kushoto na kulia. Kama ni bushi za mkono zinazobadilishwa, boliti zake zikazwe mwisho gari likiwa limesimama kwa uzito wake. Ukizikaza gurudumu likining’inia, mpira unabaki umejisokota na kuchanika mapema. Bushi “feki” nyingi zinazolalamikiwa ziliuawa na mfungaji.

Saa 8:30, Kimara. Mercedes W124 ya mzee mmoja. Shikamoo, kisha kazi. Hapa springi imekalia mkono wa chini, na boljointi ndiyo inayobeba mzigo. Jeki lazima ikae chini ya mkono, karibu na boljointi, ili mzigo uondoke. Ukinyanyua chesesi, springi inaibana boljointi na mbovu itaonekana nzima. Na boljointi hiyo isifunguliwe kabla springi haijabanwa kwa kifaa chake, ikifyatuka inaua.

Saa 11:00 jioni. Kurudi Tabata kuijaribu IST: vioo chini, redio imezimwa, kilomita 20 kwa saa juu ya rasta, kisha breki ya ghafla kidogo. Kishindo kimoja wakati wa breki kingekuwa cha bushi ya nyuma ya mkono. Hakuna. Nati za tairi zimekazwa kwa msalaba, Nm 103 (kipimo cha nguvu ya kukaza), na zitakaguliwa tena baada ya kilomita 50 hadi 100.