Mada ya somo naitafuta kwenye gemu iliyokwama

Watu ninaowafundisha kutengeneza gemu hapa Mwanza hawakusomea kompyuta. Yupo fundi simu wa Makoroboi, mhasibu anayeshinda na hesabu za samaki Kirumba, mwalimu wa sekondari wa Igoma na vijana wachache wa chuo kutoka Nyegezi. Wanafanya kwa kupenda tu, usiku watoto wakishalala au Jumamosi mchana tunapokutana. Mtu wa namna hiyo ana muda mchache kwa wiki na bando la kuhesabu, kwa hiyo kumpa mada isiyomhusu ni kumpotezea vyote viwili.

Masomo ya kuanzia wote wameshayapitia. Ukifungua laptopu yoyote pale utakuta mhusika anakimbia, anaruka, anaokota sarafu, basi, mradi umelala hapo miezi. Ukiwauliza wanataka kujifunza nini, jibu ni moja: gemu ya kucheza watu wengi mtandaoni. Swali hilo nimeacha kuliuliza. Siku hizi nasema, "Hebu fungua gemu yako, nionyeshe kitu cha mwisho ulichogusa." Nikiona kikwazo kimoja kwenye laptopu ya pili na ya tatu, hapo nimepata mada.

Mhasibu wetu, kwa mfano, anatengeneza gemu ya mtumbwi wa dagaa. Wavuvi wa dagaa wa ziwani hutoka usiku wa giza na taa zao, na mbalamwezi ikiwa kali hupumzika, maana dagaa hawaifuati taa vizuri. Naye akaliweka hilo ndani: mchezaji ana kalenda ya mwezi, usiku wa giza anavua, wa mbalamwezi anashona nyavu na kulipa madeni. Gemu ya namna hiyo isipokumbuka umefika usiku wa ngapi haichezeki. Kwenye laptopu ilikumbuka. Akiihamishia kwenye simu, kila akiifungua anaanza usiku wa kwanza.

"Mwalimu, hii simu ina matatizo," aliniambia. Simu ilikuwa nzima. Godot, programu tunayotengenezea gemu, ina njia mbili za mafaili. Ile inayoanza na res:// ni folda ya mradi wenyewe, na ukiwa bado unatengeneza unaweza kuandika humo bila shida. Gemu ikishafungashwa kwenda kwenye simu, folda hiyo inakuwa ya kusomwa tu. Kumbukumbu za mchezaji zinatakiwa ziandikwe user://, sehemu ambayo mfumo wa simu umeiachia gemu. Marekebisho ni neno moja kwenye msimbo, ila kulijua neno hilo kulihitaji somo zima, na fundi simu naye alikuwa na tatizo lilelile akidhani ni ruhusa za Android.

Somo lile sikuliita "Mfumo wa mafaili wa Godot", ingawa ndilo hasa. Niliandika ubaoni: "Kwa nini alama zako zinapotea ukienda kwenye simu". Mtu aliyekwama hajui jina la ugonjwa, anajua dalili, na mada nikiipa jina la dalili anajitambua hapohapo. Vivyo hivyo "Kwa nini mtumbwi wako unakimbia kwangu na kutambaa kwako", ambalo ni somo la kuzidisha mwendo kwa delta, yaani muda uliopita tangu fremu (picha moja ya mchezo) iliyotangulia, ili mashine ya fremu 30 kwa sekunde na ya fremu 60 ziufikishe mtumbwi mahali pamoja.

Kuna mada nazikataa hata zikiombwa. Ya kwanza ni ile ambayo kazi yake yote ni kuonyesha kitufe kiko wapi. Godot 4.0 ilipotoka Machi 2023, majina mengi yalibadilika: KinematicBody2D ikawa CharacterBody2D, yield ikawa await. Video za zamani bado zimejaa, na mtu anazifuata mstari kwa mstari anaambulia maandishi mekundu ya makosa. Kwa hiyo badala ya kurudia video hizo kwa majina mapya, nilifundisha namna ya kulisoma somo la Godot 3 huku umefungua Godot 4. Hilo limeokoa bando za watu kuliko lolote jingine nililofundisha.

Ya pili ni mada isiyowezekana kwenye mashine dhaifu kuliko zote chumbani. Tuna laptopu kuukuu ambayo haiwezi Vulkan, njia mpya ya kuchora picha kwenye skrini, kwa hiyo ndani ya Godot tunachagua Compatibility ili itumie OpenGL, njia ya zamani. Kama mada inakufa hapo, naiacha. Pia najaribu kuifundisha kwa miraba ya rangi bila picha yoyote. Ikihitaji michoro mizuri ndipo ieleweke, najua sijaifikia kiini chake.

Mada kubwa naimega. Kijana mmoja alitaka kutengeneza bao, na bao la Kiswahili lenye mashimo 32 na kete 64, likiwa na hatua zake za namua na mtaji, pamoja na shimo la nyumba, si la Jumamosi moja. Nikachukua kusambaza kete peke yake. Kila mchezaji anazungushia upande wake, mashimo 16. Tukayapa namba 0 hadi 15, na baada ya 15 unarudi 0. Hiyo ni baki ya kugawanya kwa 16. Patamu ni pale unapozunguka kinyume: ukitoka 0 kurudi nyuma, alama ya %, ile ya kutafuta baki, inakupa -1, wakati posmod, amri ya Godot ya baki isiyoshuka chini ya sifuri, inakupa 15. Tulikaa hapo muda mrefu, watu wakihesabu kwa kete halisi mezani. Bao lenyewe halijaisha, lakini mhasibu aliichukua hesabu ileile akaiweka kwenye kalenda yake ya mwezi, na mwalimu wa Igoma akaitumia kwa mlinzi anayezunguka shule kwenye gemu yake.

Gemu ya mtandaoni bado wanaiomba, na bado naisogeza mbele, kwa sababu hakuna gemu hata moja mezani iliyofika hatua ya kuihitaji. Jumamosi ijayo tunashughulika na vioo vya simu: kitufe cha kutupa nyavu kinaonekana vizuri kwa mhasibu, kwenye simu ya mkewe kimejificha chini ya tundu la kamera, na nimeshaona tatizo hilohilo kwenye gemu mbili nyingine.