Hakuna mtu anayetumia umeme

Watu huniuliza nnasoma nini, mi husema nnasoma watu na vitu vyao. Yaani mtu anavyoiona nyumba yake, joto lake, jiko lake, mita yake, na kwanini hiki ananunua hiki anakiacha. Wengi wanadhani kazi yenyewe ni kugawa fomu tu, na fomu zipo kweli, lakini fomu ukiiuliza "unatumia umeme kwa kazi gani" utaandikiwa taa, friji, tivii, pasi, basi imekwisha. Kaa na watu uani mpaka wali uive, hapo ndo maneno yanaanza kutoka.

Manake ukitazama vizuri hakuna mtu anayetumia umeme. Watu wanatumia mwanga, upepo wa feni, tamthilia ya usiku, na ile heshima ya kumpa mgeni juisi yenye barafu. Umeme wenyewe hauonekani mpaka ukatike.

Na sie Unguja ulitukatikia khasa. Mei 2008 njia ya umeme unaokuja kutoka bara kwa waya wa chini ya bahari iliharibika, tukakaa bila ya umeme kama mwezi mzima, halafu ikaharibika tena Disemba 2009 mpaka Machi 2010, miezi mitatu, kaskazi lote lile. (Pemba wao walikuwa bado na majenereta yao ya dizeli, waya wa kutoka Tanga ulifika 2010.) Sasa ukimwambia mtu akuhadithie siku zile, mara nyingi haanzi na giza, anaanza na maji, kwasababu pampu zilisimama na watu wakawa wanahangaika na ndoo na madumu. Akimaliza maji anakuja kwenye usingizi, feni zimesimama na joto halilaliki. Na hapo kwenye usingizi ndo mimi hufungua daftari.

Kwasababu nyumba ya zamani, ya udongo na makuti, au zile za Mji Mkongwe za mawe na chokaa zenye kuta nene na dari juu sana, zinaweza kukaa na joto letu bila ya kusaidiwa na kitu. Nyumba tunazojenga sasa, matofali ya saruji, bati, dirisha la kioo la kusukuma, zinataka feni tangu siku ya kwanza, na mwenye uwezo anaweka kiyoyozi. Lakini nenda kamwambie mtu aliyejibana miaka akaezeka bati kwamba makuti yana ubaridi zaidi. Anajua! Kalala humo utotoni. Bati kwake ni kutovujiwa masika, ni kutokununua makuti kila baada ya miaka michache, ni kuonekana na yeye kajenga. Kwahiyo joto analinunua pamoja na hiyo heshima na feni inakuja kulipia, na wanaopanga mambo ya umeme wanaiona feni tu, bati hawalioni.

Kuna mtafiti wa Norway, Tanja Winther, aliyekaa Uroa, hapahapa Unguja, kuangalia umeme umebadilisha nini kijijini, kitabu chake kilitoka 2008. Ninachompendea ni kwamba aliangalia mpaka watu wanakaa wapi usiku na nani anakaa na nani tivii ikiwashwa. Na aliona kwamba umeme umeingia nyumbani lakini kupika watu hawakuupikia, wanasema chakula cha moto wa kuni kina ladha yake.

Hili la ladha wengine wanalichukulia kama ukaidi wa watu wazima. Nyie mshapika mkate wa kumimina? Ule unataka makaa chini na makaa juu ya mfuniko, na wali wa nazi nao ukikaribia kukauka unapaliwa moto juu. Jiko la umeme la kubandikia sufuria lina moto chini tu, utapalia nini? Kwahiyo bi mkubwa akikataa jiko la plagi anakueleza kitu cha kiufundi kabisa.

Tena kuna Tukuza, zile mita zetu za umeme za kulipa kabla. Tangu zije umeme umekuwa na namba, mtu anaziona uniti zinashuka, na nyumba nzima inaanza kugombana nani kaacha taa. Taa inaonekana ndo mana inalaumiwa. Lakini birika la umeme la wati 2000 likiwaka dakika 6 ni sawasawa na taa ya wati 10 kuwaka masaa 20, na birika hilo halisemwi na mtu kwasababu chai ni chai. Siwalaumu watu kwa hili, macho yanaona mwanga, wati hayazioni, na mita inatoa namba moja ya nyumba nzima bila ya kusema nani kala.

Siku hizi maneno ni mengi ya kuacha kuni na mkaa, na mimi nayaunga mkono kwa moyo wote, moshi unaua kifua cha mama zetu na misitu inakwisha. Ila wanaoleta hayo majiko naomba wapitie uani kwanza, wakae na hao wanawake, wamimine mkate kwenye hilo jiko lao na waule hapohapo mbele ya wenyewe, ndo waanze kugawa.