Kioo cha sanrufu ya M3 na koroma la shangazi

Kama kuna fundi aliyekuambia kioo cha sanrufu ya BMW, lile dirisha la kwenye paa, hakiuzwi peke yake, kwamba sharti ununue sanrufu nzima na reli zake na mota yake, muulize mwenye duka la spea anamkatia ngapi. Mimi niliambiwa hivyo na gereji moja ya Mombasa, tena kwa uso mkavu, na bei ilikuwa inakaribia laki tatu kabla hata ya kazi. Kioo peke yake kinauzwa. Kinashikwa na skrubu pembeni basi. Nimekifunga mwenyewe uani kwetu Malindi, na biti ya bisibisi niliyotumia haikuzidi bei ya soda mbili.

Gari lenyewe ni BMW M3 ya toleo la E46, ile ya milango miwili iliyotengenezwa kati ya 2000 na 2006. Injini S54, silinda sita kwa mstari, cc 3246, farasi 343, na mshale haugusi wekundu mpaka karibu mizunguko 8000 kwa dakika. Najua swali linalofuata: gari hilo linafanya nini kwenye mji wa tuktuk? Linafanya harusi. Bwana harusi wa Malindi siku hizi hataki tena Mercedes nyeupe, anataka gari litakalofanya watoto wa mtaa wakimbie nyuma. Na sanrufu ndiyo kazi yenyewe, maana mpiga picha husimama hapo kiwiliwili nje akichukua msafara wote. Sanrufu ikifa, nusu ya biashara imekufa.

Ilivunjika Muyeye kwa shangazi yangu. Kusi ilikuwa inavuma, mimi nimeegesha kivulini, na kivuli chenyewe cha mnazi. Nazi kavu ingeniumiza kidogo, lakini hili lilikuwa koroma, bado lina maji yake yote na uzito wake wote. Nilisikia mlio kutoka ndani, nikatoka mbio. Shangazi alitoka vilevile, akalitazama gari, akashika kiuno. "Pole mwanangu. Sasa koroma langu liko wapi?" Lilikuwa kwenye kiti cha nyuma, zima. Jioni tulilila kwenye wali.

Kioo cha sanrufu hiyo ni cha kuimarishwa kwa moto: hupashwa joto kali kisha hupulizwa upepo kipoe ghafla, kwa hiyo kikivunjika hakitoi vipande vya kukata mtu, kinamwagika punje. Ni usalama mkubwa kwa kichwa chako. Lakini punje hizo huingia kila mahali, na hapo ndipo kazi ilipo, nitafika. Jambo la pili ambalo wauza vioo vya meza hawakwambii: kioo kikishaimarishwa hivyo hakikatiki tena. Ukienda na kipimo kwenye duka la aluminiamu, atakachokukatia ni kioo cha dirisha la kawaida, na hicho kikivunjika juu ya kichwa chako kwa mwendo wa barabara ya Mombasa, utazikwa kabla ya alasiri.

Bima yangu ni ile ya thadi pati, isiyolipia gari lako mwenyewe, kwa hiyo huko sikupoteza muda.

Barazani kwa kahawa kila mtu alikuwa mhandisi. Mmoja akasema niwambe bati nipige rangi, eti M3 CSL ya 2003, lile toleo jepesi, nayo haina sanrufu. Kweli haina, lakini paa lake ni la kaboni, si bati la kuezekea banda. Mwingine, silikoni. Wa tatu, silikoni nyingi zaidi. Mzee mmoja ninayemheshimu akanituma kwa fundi wa faiba anayerekebisha boti za watalii wa uvuvi. "Yule akikutengenezea kitu, bahari haiingii, itakuwa mvua?" Hoja hiyo ilikosa jibu.

Yule fundi ni hodari, nisimvunjie jina. Alichukua vipimo vya tundu, akapanga matabaka ya faiba, akasugua kwa msasa, akapiga rangi nyeusi iking'aa ukajiona uso. Tatizo ni kwamba alipima tundu, hakupima mbinuko. Paa la gari halikunyooka, limepinda mbele kwenda nyuma na upande kwa upande, na kioo cha asili kimepinda nalo. Kifuniko chake kilinyooka. Kwenye kona nne kilikaa juu ya paa, katikati kilizama. Akacheka, akatoa bomba la silikoni. Akazungushia pote, akalainisha kwa kidole chenye sabuni, akaniambia nisiguse swichi mpaka kesho. Kila aliyepita alisifu.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa na harusi. Nikaah Watamu, bwana harusi anatoka Maweni. Mbele amekaa bwana harusi na joho lake jipya na kilemba, nyuma amebanwa ami yake, mzee mnene ambaye kuingia tu kwenye milango miwili kulichukua muda na dua. Tulipofika kasi ya themanini hivi, kifuniko kikaanza. Mwanzo ni mnong'ono. Nikaongeza kidogo nimpite lori, mnong'ono ukawa mluzi, mrefu, mwembamba, unapanda na kushuka kila upepo ukibadilika, kama mtu anaita mbuzi wake na mbuzi hawaji. Bwana harusi akaniangalia. Mimi nikaangalia barabara. Nikawasha taarabu, nikaongeza sauti, mluzi ukapata ufunguo wa taarabu ukaingia nao.

Kabla ya Gede mvua ikashuka, ile ya ghafla ya pwani, isiyotangulia na wingu la maana. Ndani tukawa wakavu, na ami akamsifu fundi wa faiba. "Bahari haiingii," akasema. Nikafika kwenye tuta, nikakanyaga breki.

Maji yote yaliyokuwa yamekusanyika juu, tusiyoyaona, yalikuja mbele kwa pamoja. Yalitokea kwenye taa ya ndani, karibu na kioo cha kutazamia nyuma, si tone tone bali mkondo, na yalimwendea bwana harusi peke yake, kilemba, joho, mapaja. Mimi sikupata hata tone. Kimya kikaingia garini, mluzi nao ukanyamaza kwa sababu tulikuwa tumesimama. Kisha ami akainama mbele akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, gari hili lina kisima?"

Joho la kuazima lilipatikana Watamu. Fupi. Picha zipo, na siku zote anapoketi huonekana soksi.

Nilimrudishia bwana harusi pesa zake, na usiku huohuo nikakaa na simu kusoma jinsi sanrufu inavyofanya kazi, jambo ambalo hakuna mhandisi yeyote wa barazani aliyewahi kufanya. Sanrufu haikuundwa kuzuia maji. Mpira unaozunguka kioo hupunguza tu. Yanayopenya huanguka kwenye mfereji uliozunguka tundu, na kwenye kona nne za mfereji kuna mirija: miwili inashuka na nguzo za mbele, miwili na za nyuma, inamwaga chini ya gari. Ya kwangu ilikuwa imeziba. Mimi huegesha Casuarina, chini ya mivinje, na sindano za mvinje zimekuwa zikiingia humo miaka. Punje za kioo zikamalizia. Sasa mtu akikupakia silikoni juu ya mirija iliyoziba, amekujengea tangi.

Kupata kioo: usinunue kwa macho. Namba ya chasi ya BMW ina herufi na tarakimu 17, lakini kwenye katalogi za spea mtandaoni saba za mwisho zinatosha. Ziandike, itakuja michoro ya gari lako hasa, na kioo kina namba yake peke yake, mbali na reli, mbali na mota. Niliandika namba hiyo kwenye karatasi, nikampa binamu yangu wa Nairobi aende nayo Kirinyaga Road kwenye maduka ya spea na asimsikilize mtu anayesema "inaingiana tu". Akazunguka, akakasirika, akanipigia akinilaumu, mwishowe akapata gari lililovunjwa lenye kioo cha namba ileile, na kwenye kona ya kioo muhuri wa 43R, ambao vioo vya magari ya Ulaya huwa nao. Elfu ishirini na kitu. Walianza kwa hamsini.

Kukisafirisha sikumwamini mtu wa mizigo. Nikamwambia binamu akikatie kioo tiketi ya basi. Ndiyo, kiti. Kilisafiri usiku dirishani, kimefungwa kipande cha godoro na mkanda juu, na yeye pembeni yake. Anasema kufika Voi kondakta alitaka kumkalisha mama mmoja hapo, ikabidi aonyeshe tiketi mbili na kueleza ni nani aliyelala kwenye godoro.

Sasa kazi. Kuondoa faiba na silikoni sitaeleza, nilitukana sana. Muhimu ni hili: usiguse swichi ya umeme wakati kuna punje kwenye reli. Vishikizo vinavyoteleza humo vina plastiki, punje moja inatosha kuvivunja, na hapo ndipo utakaponunua ile sanrufu ya laki tatu kweli. Ng'oa kifuniko cha taa ya ndani, utaona mota, ina tundu la ufunguo wa alen, ule wa pembe sita, na ufunguo wenyewe uko kwenye vifaa vya buti kama mwenye gari wa zamani hakuiba. Zungusha kwa mkono polepole. Ukisikia kukwaruza, simama.

Kifyonza vumbi nilichoazima hotelini kilitoa punje kubwa. Ndogo zilizozama kwenye grisi ya reli ziligoma. Nilijaribu brashi, zikasogea tu. Mke wangu alikuwa anapika chapati. Nikachukua donge, likiwa limekandwa gumu kidogo, nikalikandamiza ndani ya reli na kulivuta juu. Lilitoka limejaa vioo vinameta, na grisi chafu ya miaka. Nikarudia kipande kwa kipande, reli nzima ya kushoto, nikaomba donge lingine kwa la kulia. Mke wangu akasema hilo ni la mwisho au watoto wale nyaya za BMW. Donge liwe gumu, likiwa laini linabaki humo. Ukimaliza pangusa kwa kitambaa chenye unyevu, kausha, paka grisi mpya kidogo. Na madonge hayo yafunge kwenye mfuko uyatupe mbali, kuku wa jirani hawajui kuchagua.

Mirija, kila mtu atakwambia upulize kwa kompresa. Usithubutu. Upepo wa kompresa unaweza kuuchomoa mrija kwenye kishikio chake ndani ya nguzo, halafu kurudisha ni kushusha dari lote. Nilikwenda ufukweni nikaomba kipande cha mshipi mnene, ule wa kuvulia sulisuli. Ni mgumu kiasi cha kusukumika, laini kiasi cha kupinda na kona. Choma ncha kwa kiberiti iwe duara isitoboe. Ulishuka kwenye nguzo ya mbele, ukagoma, nikauzungusha vidoleni, ukapita, na chini kikatoka kifundo cheusi cha sindano za mvinje kinanuka kinamasi. Mwaga kikombe cha maji kwenye kila kona na mtu alale chini atazame. Mtu huyo alikuwa mwanangu mdogo, ambaye alifurahi kupita kiasi kulowa kwa ruhusa.

Kufunga kioo ni rahisi: skrubu za nyota T25 pande zote mbili, usizikaze bado. Kinachotaka subira ni kimo. Ukingo wa mbele wa kioo unatakiwa uwe sawa na paa au chini yake kidogo, usizidi milimita moja. Wa nyuma sawa au juu kidogo, vilevile usizidi milimita. Upepo ukipita mbele usikute ukingo wa kuugonga, ndiyo dawa ya mluzi. Sina kipimo cha milimita, lakini kadi ya benki unene wake ni 0.76, na hiyo kila mtu anayo hata kama akaunti haina kitu. Nikailaza, nikagusa kwa ukucha, nikasogeza, nikakaza kidogo, nikarudia. Upande mmoja ukikaa, mwingine unahama. Niliikaza skrubu ya mwisho jua limeshaingia mivinjeni.

Mwisho ifundishe mota upya, la sivyo itafika nusu irudi, ikidhani imebana mkono wa mtu. Inua kioo kwa swichi na usiachie. Kikifika juu kitasimama, wewe endelea kushikilia, sekunde kama kumi na tano au ishirini, mpaka kianze kutembea chenyewe kwenda na kurudi. Ukiachia katikati, anza upya.

Nilimwagia ndoo juu, nikafungulia mpira wa maji, ndani kukavu. Nikaenda mpaka Gede kwa mwendo nisioutaja hapa, nikakanyaga breki kwenye tuta lilelile. Sikusikia kitu ila injini.

Dari karibu na taa lina doa la rangi ya chai, na wapiga picha wameambiwa wasilichukue. Yule bwana harusi ameniagiza nimchukue mdogo wake mwezi ujao. Ami amesema atakuja kwa tuktuk.