Nanga inataka mchanga: siku yangu moja redioni Mtwara

Saa 11 alfajiri. Kusi imeshika, na alfajiri za Juni hapa Mtwara zina kibaridi ambacho watu wa Njombe wakikisikia watatucheka. Najifunga khanga ya pili mabegani, nakaa jikoni na daftari, simu nimeilaza kifudifudi itoe mwanga kidogo tu mtoto asiamke. Leo Jumatano, siku ya kipindi changu cha sayansi: dakika 40, saa 9 alasiri. Mhariri alitaka tuzungumzie minyoo. Mimi nikaomba tueleze wanaanga wanavyopokezana zamu kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga, kile kinachoizunguka dunia kikiwa na watu ndani. Akasema sawa, ila minyoo wiki ijayo, bila ubishi.

Roketi kuruka na moto wake, kila mtu ameshaona kwenye simu. Kinachoniingia mimi ni ile zamu. Tarehe 2 Novemba 2000 wanaanga watatu, Mmarekani William Shepherd na Warusi Yuri Gidzenko na Sergei Krikalev, waliingia kwenye kituo kile, na tangu siku hiyo hakijabaki kitupu hata siku moja. Anayeondoka anamwacha mwenzake ndani. Naandika: "Kijana aliyezaliwa Ligula mwaka 2001 hajawahi kuishi siku ambayo huko juu hakuna mtu." Naisoma kwa sauti ya chini. Inapita.

Saa 1 na nusu. Uji, sare, kiatu kimoja hakionekani, kimeonekana. Bajaji.

Saa 3 kasoro dakika 10. Studio yetu ni chumba kimoja kisicho na dirisha, kuta zimepigwa trei za mayai kuanzia chini hadi darini ili sauti isirudi. Wageni huuliza kama tunafuga kuku. Mwenzangu wa alfajiri ananipa kiti kikiwa bado cha moto, pamoja na daftari la makabidhiano. Kaandika hivi: "Maiki ya 2 inakwaruza, usiguse waya. Tangazo la msiba wa Naliendele lisomwe mara tatu, mara mbili bado. Umeme wa Luku uniti 14." Nasaini chini yake, anaondoka. Hapa sheria ni hiyo moja tu: hunyanyuki kitini mpaka wa kukupokea awe amefika na amesaini. Hewa haiachwi peke yake.

Saa 3 kamili yetu ni saa 12 asubuhi kwa saa za Greenwich, na kituoni wanafuata saa hizo. Wangefuata jua wangechanganyikiwa, maana wanaizunguka dunia kwa dakika kama 90 na kuona jua likichomoza mara 16 kwa siku. Kwa hiyo ninapovaa visikilizio masikioni, wao nao ndiyo wanaamka. Sijui kwa nini jambo hili linanifurahisha kiasi hiki.

Saa 5. Kati ya muziki na salamu nalisoma andiko langu tena, nakwama palepale nilipokwama jana. Chombo kinaporuka kutoka Florida, Marekani, au Baikonur, Kazakhstan, kikafika kituoni na kushikana nacho mlango kwa mlango, tuseme kimefanya nini? Mhariri kaandika kwa kalamu nyekundu "kutia nanga". Nimesoma sentensi hiyo mara tano, kila mara ulimi unaikataa, na sijui kwa nini.

Saa 7 mchana tunajiunga na taarifa ya habari kutoka Dar, fundi mitambo anabaki kwenye mitambo, mimi nina dakika 40 za kwangu. Nachukua bodaboda mpaka Feri.

Pale kivuko cha Msangamkuu kinapoegesha kuna mzee mmoja, nahodha wa jahazi mstaafu, huwa anakaa juu ya mtumbwi uliofudikizwa akishona nyavu za wajukuu. Sindano yake ni ya mti, imelainika kama jino. Ananijua kwa sauti kuliko kwa sura.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Leo umekuja na kidude chako."

Nikamweleza shida yangu. Akaendelea kushona, kisha akauliza:

"Hicho kituo chenyewe kimesimama?"

"Hakisimami babu. Kinakwenda kilomita kama 28,000 kwa saa."

"Na hicho kinachokifuata?"

"Nacho mwendo huohuo. Kinakisogelea pole pole, mwishoni polepole kuliko mtu anayetembea."

"Basi kaleta nani habari ya nanga? Nanga inataka mchanga. Huko kuna mchanga?" Akakata uzi kwa meno. "Vyombo viwili viko njiani, kimoja kikakikuta kingine, kinaambaa ubavuni, kinafunga. Sema kimefunga. Na hao si wageni, ni mabaharia wanabadilishana."

Akataka kujua walioshuka wanashuka na nini. Nikamwambia kila kundi linarudi na chombo kilicholileta: Soyuz ya Warusi hubeba watu 3, Crew Dragon ya Wamarekani hubeba 4, na kinakaa kimefungwa pale muda wote, kwa kawaida miezi sita hadi minane, ili pakiharibika jambo wawe na cha kukimbilia. Hilo lilimridhisha. "Humwachi mtu kisiwani bila mtumbwi."

Nikamsimulia ya Frank Rubio, mwanaanga wa Marekani. Desemba 2022 Soyuz waliyokuja nayo yeye na Warusi wawili ilitoboka, kimiminika chake cha kupoozea kikamwagika chote angani. Mtumbwi umetoboka, mko katikati ya bahari. Ikabidi kiti cha Rubio, kile kilichofinyangwa kwa umbo la mgongo wake, kihamishiwe kwenye Dragon ya wenzao ili ikitokea dharura awe na pa kulala. Februari 2023 ikapelekwa Soyuz nyingine tupu, haina mtu. Zamu ya miezi sita ikawa siku 371.

"Alilipwa siku za ziada?" akauliza babu.

Nikacheka. Yeye hakucheka, alikuwa anangoja jibu.

Saa 9 alasiri. Kipindi. Nimefuta "kutia nanga" pote na kuandika "kufunga". Dakika ya tatu tu simu yangu inawaka, ujumbe wa mhariri: "Neno hilo nani kakupa?" Nikamjibu: nahodha. Hakuandika tena.

Nilieleza zamu inavyopokelewa. Wapya wakifika hufunguliwa mlango, wanakumbatiana, wanaelea, halafu kazi inaanza: siku kadhaa za kuonyeshana kipi kiko wapi, pampu ipi ina kiburi, choo kinataka nini. Kuna kengele hupigwa watu wanapofika na wanapoondoka, desturi ya meli aliyoianzisha Shepherd, ambaye alikuwa mwanajeshi wa majini. Machi 2025 kundi la Crew-10 lilifunga tarehe 16, na Crew-9, kundi walilolipokea, wakaondoka tarehe 18. Siku mbili tu za kupeana daftari, na kwenye chombo cha hao walioondoka walikuwamo Wamarekani Suni Williams na Butch Wilmore, waliopanda Juni 2024 na Starliner, chombo cha kampuni ya Boeing, kwa safari ya siku kama nane. Starliner ikaleta matatizo ya injini ndogo za kuielekezea na kuvuja kwa heliamu, ikarudishwa chini tupu Septemba. Crew-9 wakapanda wawili badala ya wanne ili viti viwili vibaki wazi kwa ajili yao. Siku nane zikawa 286. Watu wengi walisema wamekwama, nami nalipinga neno hilo. Waliingizwa kwenye zamu, wakafanya kazi za zamu, na Suni akawa kamanda wa kituo. Aliyekwama hapewi ukamanda.

Simu ya kwanza ilitoka Tandahimba, nyuma yake inasikika mashine ya kupulizia salfa kwenye mikorosho. Kwa nini wasikifunge hata wiki moja, wapunguze gharama? Nikamwambia: wewe shamba lako likikaa bila mtu msimu huu utalikuta na korosho? Kituo kinasafisha hewa yake chenyewe, kinachuja jasho na mkojo wa watu kuwa maji ya kunywa, mwaka 2023 mitambo hiyo ilifikia kurudisha asilimia 98 ya maji. Vitu kama hivyo vikigoma vinataka mkono wa mtu, na mkono hauwezi kutumwa kwa redio. Akasema sawa, lakini mkojo huo asingekunywa.

Simu ya pili ilikuwa ya mama wa Nanyamba, sauti ya utu uzima. "Mwanangu, na mtu akifiwa?"

Nilikuwa na jibu kwenye daftari lakini sikuwa nimepanga kulisoma. Desemba 2007, Daniel Tani wa Marekani alikuwa kituoni. Mama yake akafa, gari lake liligongwa na treni. Chombo cha kumrudisha Tani kilikuwa kimepangiwa kuruka mwezi huohuo, kikaahirishwa kwa hitilafu. Alirudi Februari 2008. Hakuzika.

Mama akanyamaza. Hewani sekunde tatu za kimya ni ndefu, fundi alinikodolea macho. "Basi," akasema mama, "waliobaki naye ndio waliomfanyia matanga." Akakata simu.

Kilichofuata kwenye orodha yangu ni tangazo la msiba wa Naliendele. Nililisoma taratibu kuliko kawaida: maziko kesho saa 7 mchana, habari ziwafikie ndugu wa Newala, wa Masasi, na popote walipo.

Saa 11 jioni. Wa kunipokea hajafika. Saa 11 na robo napiga, anapokea katikati ya kelele: alikwenda Lindi kumwona mgonjwa, kosta imepasuka tairi Mingoyo, spea nayo haina upepo. "Dada nisitiri." Nimsitiri vipi, nina mtoto kwa jirani na mboga haijachambuliwa. Nampigia jirani, nasema samahani mara nne. Fundi naye anaondoka, zamu yake imekwisha na wake kafika kwa wakati, bahati yake.

Nikaweka taarabu. Nikasoma salamu. Luku ikaanza kulia, uniti 5. Nikanunua kwa simu yangu, nikatoka mbio wimbo ukiwa na dakika nne, nikabonyeza tarakimu 20 kwenye mita, nikakosea ya 17, nikaanza upya. Nilirudi kitini zikiwa zimebaki sekunde kama kumi.

Na kituo kinapita saa 1:26 usiku. Mimi mwenyewe nimetangaza: tokeni nje, tazameni kusini-magharibi, nyota kali isiyopepesa na isiyo na taa nyekundu, jua limekwisha kuzama kwetu lakini huko juu, kilomita 400, bado linakipiga. Watu wa Shangani wako ufukweni. Mimi natazama trei za mayai.

Simu zikaanza saa 1:27. Mtoto wa Chikongola anapiga kelele tu, hakuna neno. Dereva wa bodaboda amesimama katikati ya barabara, wenzake wanampigia honi. Halafu namba nisiyoijua.

"Mwanangu, ni mimi wa Feri, hii simu ya mjukuu. Nakiona. Kinakwenda kama chombo kilichopata upepo wa tanga, hakiyumbi."

"Kiko wapi sasa babu?"

"Juu ya kichwa. Kinaelekea kaskazi." Nasikia pumzi yake. "Mbona kinafifia? Kimezimika! Kimezama?"

"Hakijazama babu. Kimeingia kwenye kivuli cha dunia. Kwao ndiyo usiku sasa."

"Aa. Na ndani wapo wangapi?"

"Kwa kawaida saba."

"Usiku mwema kwao," akasema hewani, Mtwara nzima ikasikia.

Saa 2 na dakika 10 usiku. Mlango unafunguliwa, mwenzangu huyo, vumbi mpaka kwenye kope, mkononi ming'oko, vile viazi vya porini, iliyofungwa kwenye gazeti. Ameinunua Mingoyo akisubiri tairi. Bado ina uvuguvugu. Sikumsemesha mpaka nilipokula wa pili. Kisha nikavuta daftari nikaandika: "Maiki ya 2 bado inakwaruza. Luku uniti 31, nanidai. Tangazo la Naliendele limetimia mara tatu, usilisome tena. Babu wa Feri akipiga kuulizia, mwambie kesho hakionekani, keshokutwa jioni."

Nikaifuta "nanidai" nikaandika "nakudai". Nikasaini. Akasaini chini yangu, akakaa, kiti kikiwa bado cha moto.