Kikombe kilipoa bila barafu

Leo na kidato cha pili tumefanya mmenyuko (vitu kugeuka na kuzaa vitu vipya) unaofyonza joto. Jaribio linalosifiwa sana ni lile la bariamu haidroksaidi na chumvi ya amonia, ambalo hugandisha maji mpaka bika ikanata kwenye kibao. Mimi silitaki. Bariamu ni sumu, amonia inachoma pua, na maabara yetu hapa Wete ni chumba cha kusomea tu.

Nikachukua soda ya kupikia na asidi ya sitriki, zile chenga nyeupe za kutia ukali kwenye juisi. Maji yalikuwa nyuzi 29. Povu likafura hadi ukingoni, kipimajoto kikateremka mpaka 17, kila mtu akataka kushika. Msichana mmoja akakikamata kikombe kwa viganja viwili: “Mwalimu, baridi inaniingia!”

Nikamwambia hapana baridi inayoingia, joto la viganja vyako ndilo linalotoka. Wakakataa katakata, na siwalaumu. Ngozi haina namna ya kutwambia nani kamwendea mwenziwe.

Wa nyuma akauliza: kama mmenyuko huu unataka joto, mbona hatukuuwashia moto? (Huyu kwa kawaida husinzia.) Nikajibu kwamba joto umelichota kwenye maji yenyewe, na ile hewa ya kaboni dioksaidi inayotoka na kutawanyika ndiyo inayousaidia kwenda mbele. Nusu yao walinielewa, nadhani. Mwengine akasema mbolea ya urea anayokoroga baba yake kwa ajili ya mpunga nayo hupoza ndoo. Kweli, lakini ile inayeyuka tu, hakizaliwi kitu kipya. Wakabishana mpaka kengele.

Njiani nikawa nawaza chokaa. Mawe ya matumbawe yakichomwa tanurini, karibu nyuzi 900, hutoa kaboni dioksaidi ileile ya kikombe chetu. Mmenyuko huo nao hufyonza joto, ila huu hautosheki na joto la hewa, unakula magogo. Nyumba za Mji Mkongwe zimesimama kwa chokaa ya namna hiyo. Na chokaa hiyo kabla haijazimwa, yaani haijatiwa maji bado, ukiimwagia maji, huchemka na kufuka mvuke: sehemu ya joto la zile kuni inarudi.

Kipindi kijacho nataka kuwaonyesha hilo, nikipata bonge ambalo halijazimwa. Nitalimwagia mimi mwenyewe, wao wakae mbali, maana chokaa ile ikiruka jichoni inaunguza.