Nilivyotuliza mkono wa kuchora hina

Wasichana wengi wa Kibokoni, Mombasa, hujifunza hina utotoni, wakichorana viganjani usiku wa kuamkia Idi. Mimi nilianza ukubwani, tena kwa vidole vilivyozoea kibodi ya kompyuta. Shangazi yangu huchora mabiharusi, na nilipomwomba anifunze alikubali kwa sharti kwamba nitaanzia kwenye unga.

Sharti hilo lilikuwa na maana. Unga wa hina usipochekechwa kwa kitambaa chepesi, donge moja laziba ncha ya koni, kile kifuko chembamba cha kuchorea. Wabana, haitoki; waongeza nguvu, yafumuka yote kwenye mkono wa mtu. Nafikiri wanafunzi wengi husema "mimi mkono wangu mzito" na kumbe tatizo liko kwenye bakuli. Tulikoroga kwa ndimu na sukari kidogo, tukafunika usiku kucha, asubuhi ikawa laini ya kuvutika.

Kisha mtetemo. Nikiishika koni, mkono wote hukaza kuanzia begani hadi kwenye kidole gumba, na mstari huenda kama umechorwa ndani ya matatu ya Likoni. Shangazi alinitazama, akasema, "Hebu teremsha mabega, mwanangu. Hakuna anayekupiga." Akanionyesha kukiegemeza kidole cha mwisho kwenye mkono wa anayechorwa, nami nikapata nguzo. Halafu akanifunza kuinua ncha kidogo juu ya ngozi, ili uzi wa hina uanguke wenyewe pale unapoupeleka, badala ya kuikwaruza ngozi kwa ncha.

Kilichonichukua muda mrefu zaidi ni unene wa mstari. Wategemea mambo mawili: unavyobana na kasi ya mkono. Ukiyabadilisha yote mawili kwa pamoja hujui kosa limetoka wapi. Kwa hiyo nilijiwekea kanuni: kubana kuwe kulekule, kasi ndiyo ibadilike. Nikitaka mshipa mwembamba wa jani naharakisha. Nikitaka tumbo la jani napunguza mwendo. Macho nayo niliyahamisha. Nikiitazama ncha ya koni, mstari hupinda. Nikitazama mahali unapokwenda kuishia, mkono hufuata.

Binamu yangu anasomea tiba ya viungo, na ndiye aliyenieleza kwa nini mwanzoni nilikaza vile. Mrusi mmoja, Nikolai Bernstein, miaka ya 1920 aliwapiga picha za filamu wafanyakazi wakipigilia patasi kwa nyundo. Aligundua kwamba nyundo hufika palepale, lakini bega, kiwiko na kifundo cha mkono havipiti njia ileile kila pigo. Viungo hufidiana: kimoja kikipotoka, kingine hurekebisha. Asiyezoea huvifunga vyote ili apunguze vya kusimamia, na akishavifunga hakuna cha kurekebisha tena. Nilirudi kumtazama shangazi akichora, na kweli, kifundo chake kilikuwa kikielea ovyo huku maua yakitoka sawasawa.

Mazoezi niliyafanya kwenye sahani ya kioo, kwa sababu hina waweza kuikwangua na kuirudisha kwenye koni. Shangazi alitaka nijaze sahani nzima kwa jani moja, kisha siku nyingine ua moja. Hapo tulibishana. Binamu alikuwa ameniambia jaribio la watafiti Shea na Morgan la mwaka 1979: watu walifunzwa miondoko mitatu ya kuangusha vibao kwa mkono. Waliorudia mmoja mmoja walikuwa wepesi zaidi wakati wa mazoezi, lakini waliochanganya ndio waliokumbuka vizuri zaidi walipopimwa baadaye, hata siku 10 zikishapita. Nikaamua hivi: umbo jipya nalirudia mpaka nilifahamu, kisha nachanganya jani, ua, nukta na mkunjo bila mpangilio. Sahani zangu zikawa mbaya. Shangazi akiziona anaguna. Lakini kila nilipoketi tena baada ya kupumzika, mkono haukuanza sifuri.

Kioo, hata hivyo, ni bapa na hakisogei. Ngozi ni laini, yapinda kwenye kifundo, na mwenyewe hucheka. Nilihamia kwenye mguu wangu mwenyewe, kisha kwa binamu zangu wa kike, ambao hawana huruma ya kusifu. Piko nyeusi, ile rangi ya kuchorea ngozi kwa weusi, sikuigusa na siigusi: nyingine hutiwa kemikali za rangi ya nywele zinazoweza kuunguza ngozi na kuacha makovu. Hina safi huanza na rangi ya machungwa, ikakolea hadi kahawia siku mbili zinazofuata, na mteja anayeitaka nyeusi papo hapo namwambia aende kwingine.

Sasa shangazi hunipeleka harusini. Viganja na migongo ya mikono ya wageni nachora mimi, biharusi bado ni wake. Kasi yangu haijafika yake, na nikiharakishwa na foleni mabega hupanda tena, basi huweka koni chini, nikaomba chai, nikaanza upya na yule anayefuata.